Barazani kwa Mwalimu: Mali bila Daftari



Mwezi uliopita tuliahidi kuendelea na mazungumzo yetu juu ya kuwafunza watoto kusoma Kiswahili majumbani. Ahadi hiyo ipo pale pale, lakini limetufika jambo ambalo tumeona haliwezi kungoja, kwa sababu linawagusa wengi wenye watoto katika skuli za juu na vyuo vya hapa Sydney.

Mama mmoja wa hapa Fairfield alitujia jioni akiwa na barua ya skuli mkononi. Mwanawe yuko mwaka wa 11. Kijana huyo alipewa insha ya historia, naye akachagua kuandika juu ya Mombasa, mji alikozaliwa bibi yake. Alifanya kazi wiki tatu, usiku na mchana. Barua ilieleza kwamba sehemu kubwa ya insha yake imekutwa ni maneno ya waandishi wengine ambao hakuwataja, kwamba kwa wakati huo amepewa sifuri, na kwamba ana siku 14 za kujieleza. Mama hakutuuliza habari za alama. Alituuliza neno moja tu: "Mwalimu, wanasema mwanangu ameiba. Ameiba nini, na vitabu ni vya maktaba?"

Tukakaa na kijana, tukaomba atuonyeshe daftari lake. Tukaona kwamba alisoma kweli. Alinakili sentensi nzima nzima kutoka vitabuni, akachanganya na mawazo yake mwenyewe, na hakuandika popote ni neno gani limetoka wapi. Ilipofika siku ya kuandika insha, yeye mwenyewe alikuwa hajui tena lipi lake na lipi la mwenziwe. Wazee wetu walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Kijana wetu alikuwa na mali nyingi, na daftari hakuwa nalo.

Basi leo tuzungumze juu ya daftari hilo, yaani namna ya kutaja vyanzo ndani ya maandishi ya kitaaluma na namna ya kupanga orodha ya marejeo mwishoni. Tunajua kwamba wengine watasema haya ni mambo ya nukta na mikato, hayana uzito. Tunawaomba watusikilize mpaka mwisho.

Kwanza tuelewe kwamba skuli za New South Wales hazilichukulii jambo hili kwa wepesi. Kabla mwanafunzi hajaanza masomo ya mwaka wa 11 yanayompeleka kwenye HSC, hutakiwa awe amemaliza mafunzo yanayoitwa HSC: All My Own Work, yaani "Yote ni Kazi Yangu Mwenyewe", yaliyowekwa na NESA, mamlaka inayosimamia mitaala na mitihani ya jimbo hili. Mafunzo hayo yana sehemu tano, na mojawapo inahusu kutaja vyanzo. Wanetu wengi huyapitia kwenye kompyuta kwa haraka, wakabonyeza majibu, wakaandikwa kuwa wamemaliza, na mambo yakaishia hapo. Kisha hukutana na kazi kama ule mradi wa somo la History Extension, ambao haukamiliki bila ya bibliografia, au mradi wa somo la Society and Culture, ambao hudai orodha ya vyanzo yenye maelezo. Hapo ndipo wanapoona kwamba walichokibonyeza hawakukielewa.

Kinachotakiwa hasa ni mambo mawili. La kwanza, kila penye neno, wazo au hesabu ya mtu mwingine ndani ya insha, pawe na alama fupi ya kumtaja mwenyewe. La pili, mwishoni mwa insha pawe na orodha inayoeleza kila chanzo kwa ukamilifu, ili msomaji akitaka aweze kukifuata mpaka akione kwa macho yake. Alama fupi bila orodha ni kama kumwambia mtu "nenda kwa Ali" katika mji wenye Ali mia. Orodha bila alama ni kama kuweka majina ya wageni wote mlangoni bila kusema nani amekaa wapi.

Sasa, je, hili ni jambo geni kwetu? Sisi tunasema si geni hata kidogo. Umma huu ndio uliojenga elimu ya isnadi. Imamu Bukhari, aliyefariki mwaka 256 Hijria, sawa na 870 Miladia, na Imamu Muslim, aliyefariki mwaka 261, sawa na 875, waliandika hadithi kwa kutaja imepokewa na nani kutoka kwa nani, mpaka ikamfikia Mtume (S.A.W.). Katika utangulizi wa kitabu chake, Imamu Muslim amepokea maneno ya Abdullah bin al-Mubarak, ambayo maana yake ni kwamba isnadi ni sehemu ya dini yenyewe, na lau isingekuwapo basi kila mtu angesema atakalo. Na aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qurani, ya 282 katika Sura ya Al-Baqara, inahusu kuandika madeni na kuweka mashahidi. Basi mtu anayetumia elimu ya mwenzake naye ana deni. Dawa ya deni ni kulipa, na malipo ya deni hili ni mepesi: kutaja jina.

Ushairi wetu wa pwani nao una mnyororo wa namna hiyo. Tuchukue mfano wa Muyaka bin Haji, yule mshairi wa Mombasa aliyefariki mwaka 1840, ambaye kijana wetu alimtaja katika insha yake. Muyaka hakupeleka kitabu kwa mpiga chapa. Mashairi yake yalibaki vifuani mwa watu. Miaka mingi baada ya kufa kwake, Mwalimu Sikujua bin Abdallah wa Mombasa aliyakusanya na kuyaandika kwa herufi za Kiarabu, akishirikiana na mmisionari Mwingereza, W. E. Taylor. Karatasi za Taylor zikafika London. Mwaka 1940 William Hichens akayatoa kwa kitabu, kilichochapwa na Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg. Kisha mwaka 1979 Profesa Mohamed Hassan Abdulaziz akatoa kitabu chake juu ya Muyaka huko Nairobi, chenye mashairi na maelezo. Kijana anapoandika tu "Muyaka alisema", amewaruka watu wote hao. Amemruka hata Mwalimu Sikujua, ambaye lau si kalamu yake, pengine leo tusingekuwa na diwani ya Muyaka. Kanuni ya kitaaluma inasema: taja kile ulichokishika mkononi. Ikiwa ulimsoma Muyaka ndani ya kitabu cha Abdulaziz, sema hivyo, kwamba Muyaka amenukuliwa na Abdulaziz. Hiyo si aibu. Aibu ni kujifanya umeyaona maandishi ya asili ilhali hukuyaona.

Tukija kwenye namna ya kuandika, mwanafunzi hukuta majina mengi akatishika. Ukweli ni kwamba mifumo mikubwa anayokutana nayo ni aina mbili. Aina ya kwanza humtaja mwandishi na mwaka ndani ya mabano, katikati ya sentensi. Chimbuko lake huhusishwa na Edward Laurens Mark, mwalimu wa elimu ya wanyama wa Harvard, aliyetumia njia hiyo katika makala yake ya mwaka 1881, na ndiyo maana watu husema "mtindo wa Harvard". Mtindo wa APA ni wa aina hiyo hiyo. Ulianza mwaka 1929 kama makala fupi ya wanasaikolojia wa Marekani, na toleo lake la 7, linalotumika vyuoni, lilitoka mwaka 2019. Aina ya pili huweka nambari ndogo juu ya neno, na maelezo yakawa chini ya ukurasa kama tanbihi. Hiyo hupendwa na wanahistoria, na kitabu chake mashuhuri ni kile cha Chuo Kikuu cha Chicago, kilichotoka kwanza mwaka 1906. Wanaosoma sheria hapa Australia wana mwongozo wao, AGLC, ambao toleo lake la 4 ni la mwaka 2018, nao pia hutumia tanbihi.

Je, mtoto afuate upi? Jibu ni kwamba afuate ule ulioagizwa na mwalimu wake, asichanganye. Harvard haina kitabu kimoja rasmi. Kila chuo kina Harvard yake, na nukta ya chuo hiki ni mkato wa chuo kile. Kwa hiyo mtu asichukue mfano wa binamu yake aliyeko chuo kingine akadhani umetosha. Aombe mwongozo wa chuo chake mwenyewe.

Hebu tuone mfano kwa APA. Ndani ya insha, mwanafunzi ataandika jina la ukoo, mwaka na ukurasa, mathalan: (Abdulaziz, 1979, p. 45). Mwishoni, katika orodha, ataandika: Abdulaziz, M. H. (1979). Muyaka: 19th century Swahili popular poetry. Kenya Literature Bureau. Jina la kitabu huwekwa kwa herufi za mlazo, na toleo la 7 halidai tena mji wa kuchapishwa. Kwa mtindo wa Chicago, tanbihi itaanza kwa jina kama linavyotamkwa, Mohamed H. Abdulaziz, na katika bibliografia ndipo jina litakapogeuzwa. Kitabu kikiwa cha Kiswahili na insha ni ya Kiingereza, APA hutaka jina la kitabu libaki kama lilivyo, kisha tafsiri yake ya Kiingereza ifuate ndani ya mabano ya mraba. Mtoto asilifute jina la Kiswahili akaweka la Kiingereza peke yake, kwani atakayekwenda maktaba kulitafuta hatalipata.

Hapo kwenye majina ndipo penye mtihani wetu sisi. Mifumo hii ilitungwa na watu wenye majina ya ukoo. Sisi wengi wetu tuna jina letu, la baba na la babu, na tulipofika hapa tuliliona hilo kwenye fomu ya kwanza kabisa, pale walipouliza "jina la familia" na babu aliyefariki zamani akawa ndiye anayeitwa hospitalini na skuli. Ndivyo inavyokuwa katika bibliografia. Said Ahmed Mohamed, mwandishi wa Utengano (1980), na Mohamed Suleiman Mohamed, mwandishi wa Nyota ya Rehema (1976), wote ni Wazanzibari, na wote hugeuka kuwa "Mohamed". Mwanafunzi akiandika (Mohamed, 1976) na (Mohamed, 1980), msomaji wa Sydney atadhani ni mtu mmoja. APA imeliona tatizo hilo, nayo inaamuru kwamba waandishi wawili wakigongana jina la ukoo, herufi zao za mwanzo zitajwe kila mahali ndani ya insha: (M. S. Mohamed, 1976) na (S. A. Mohamed, 1980). Kadhalika Ali A. Mazrui na Alamin M. Mazrui, walioandika pamoja kitabu The Power of Babel mwaka 1998. Hao ni wawili, na asiyejua hudhani jina limerudiwa kwa makosa ya chapa, akafuta moja.

Mfano mwingine ni Sheikh Abdulla Saleh Farsy (1912–1982), aliyekuwa Kadhi wa Zanzibar na kisha Kadhi Mkuu wa Kenya. Jina lake utalikuta Farsy, Farsi na Al-Farsy, na Abdulla, Abdallah na Abdullah. Kitabu chake juu ya wanavyuoni wa Kishafi wa Afrika ya Mashariki kilifasiriwa kwa Kiingereza na Randall Pouwels, kikatoka Wisconsin mwaka 1989, na wengi wa wanetu hukisoma kwa Kiingereza kisha wakamtaja Pouwels kana kwamba ndiye aliyekitunga. Sivyo. Mwandishi ni Farsy, na Pouwels ni mfasiri na mhariri, na kila mmoja ana nafasi yake katika orodha. Kuhusu tahajia, kanuni ni kuandika jina kama lilivyo juu ya kitabu ulichonacho. Kuhusu "al", miongozo mingi haiihesabu katika mpango wa alfabeti, hivyo Al-Farsy hupangwa penye F. Ukiwa na shaka, tazama jinsi Maktaba ya Taifa ya Australia ilivyomwandika mtu huyo katika Trove, kisha shikilia namna hiyo moja.

Mzee mmoja alipoiona orodha ya mjukuu wake alikasirika, akatuuliza: "Sheikh wangu mbona wamemvua kilemba?" Alikuwa na maana kwamba neno "Sheikh" limeondolewa. Tulimweleza kwamba katika orodha hizi vyeo vyote huondolewa, cha Profesa, cha Daktari, cha Askofu na cha Sheikh, na kwamba si dharau kwa mmoja wao. Ndani ya insha yenyewe mtoto anaweza kumtaja kwa heshima yake. Na pale jina na cheo vimeshikana hata havitengani, mathalan Mwana Kupona, mtunzi wa Pate ambaye utenzi wake huwekwa mwaka 1858, jina libaki zima. Tumewahi kuona "Kupona, M." katika karatasi ya mwanafunzi, tukamwambia kwamba bibi huyo hakuitwa hivyo na mtu yeyote.

Tuje kwenye Kitabu kitukufu. Si haba kumwona mwanafunzi ameandika "Qurani, tafsiri ya Kiswahili" akadhani ametosheka. Tafsiri ipi? Iko ya Godfrey Dale, padri wa Kimisheni, ya mwaka 1923. Iko ya jumuiya ya Ahmadiyya ya mwaka 1953. Iko ya Sheikh Farsy, iliyokamilika na kutolewa na Islamic Foundation, Nairobi, mwaka 1969. Iko pia ya Sheikh Ali Muhsin al-Barwani ya mwaka 1995. Msomaji wa makala hii hahitaji kuelezwa kwa nini ni muhimu kujua maneno yametoka katika ipi. Basi ndani ya insha itajwe sura na aya, kwa mfano 2:282, na katika orodha itajwe tafsiri, mfasiri na mwaka. Hadithi nazo zina tabu yake. Nambari za hadithi hutofautiana baina ya chapa na chapa, kwa hiyo nambari peke yake haitoshi. Taja mkusanyaji, jina la kitabu ndani ya mkusanyiko, nambari, na chapa uliyoitumia.

Lipo jambo moja linalotuuma sisi wenyewe, na hatuoni vyema kuwanasihi vijana bila kulikiri. Tulipokuwa tukisoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mnamo mwaka 1984, tulikwenda kijijini kukusanya khabari za madrasa za zamani kwa ajili ya tasnifu yetu. Alitupokea bibi mmoja aliyefundisha watoto Qurani kwa miaka mingi. Alitukalisha siku mbili, akatupa majina ya walimu wake na walimu wa walimu wake, na nyimbo alizotumia kuwafunza watoto wadogo herufi. Tuliporudi tuliandika "kwa mujibu wa mzee mmoja wa kijijini". Vitabu vya Wazungu tuliviorodhesha vyote, kila kimoja na mwaka wake na mji wake. Yeye tulimwita mzee mmoja, na hata kwamba ni mwanamke hatukusema. Daftari la safari ile limepotea katika kuhama kwetu, na jina lake la tatu tumelisahau. Mjukuu wake akija leo kutafuta athari ya bibi yake katika maktaba ya chuo, hatampata, ingawa maneno yake yamo humo kurasa kadhaa. Hakuna aliyetupa sifuri. Tulipewa alama nzuri. Lakini deni hatujalilipa, na hatujui tutalilipaje.

Kwa sababu hiyo tunasisitiza sana juu ya mazungumzo na wazee. APA huyaita mawasiliano binafsi, na kwa kawaida huyataja ndani ya insha tu, kwa jina na tarehe, bila kuyaweka katika orodha, kwa kuwa msomaji hawezi kuyafuata. Hata hivyo mambo yanabadilika. Mwaka 2021 mkutubi wa Kanada, Lorisia MacLeod, ambaye ni wa taifa la James Smith Cree, alichapisha kiolezo cha kuwataja wazee wa watu wa asili ndani ya orodha yenyewe, kwa jina, taifa, mahali wanapoishi, mada na tarehe, sawa na mwandishi wa kitabu. Kiolezo hicho kiliandikwa kwa ajili ya watu wake, na asiyekuwa wao hakichukui bila ya kufikiri. Lakini hoja yake inatufaa: mzee anayesema ni chanzo, na chanzo kina jina. Mtoto amuulize mwalimu wake kama anaruhusiwa kumwandika bibi yake kwa ukamilifu. Na kabla ya hapo amuulize bibi mwenyewe kama yuko radhi atajwe. Akikataa, basi ni haki yake.

Jambo la mwisho ni la zama hizi. Vijana wengi sasa huziomba programu za akili mnemba ziwapangie orodha ya marejeo. Hapo pana shimo. Programu hizo huweza kuzua jina la kitabu ambacho hakijapata kuandikwa, zikalipa mwandishi, mwaka na ukurasa, vyote vikapendeza macho. Mwaka 2023, katika mahakama moja ya New York, katika kesi ya Mata dhidi ya shirika la ndege la Avianca, mawakili walileta hukumu za zamani walizozipata kwa ChatGPT, na hukumu hizo hazikuwapo duniani. Jaji P. Kevin Castel aliwatoza faini ya dola 5,000. Hapa kwetu Australia, mwaka 2025, kampuni ya Deloitte ilikubali kuirejeshea serikali sehemu ya malipo ya ripoti iliyogharimu takriban dola 440,000, baada ya kukutwa ndani yake marejeo ambayo hayapo. Wanavyuoni wetu walilijua ugonjwa huu zamani. Ibn al-Jawzi, aliyefariki mwaka 597 Hijria, aliandika kitabu kizima cha kukusanya hadithi za kuzuliwa. Dawa aliyotumia ndiyo dawa ya leo: kufuata kila jina mpaka mwisho wake. Kitabu ambacho hukukiona, usikitaje.

Ama zile programu za kupanga marejeo, kama vile Zotero, ambayo ni ya bure, hizo zinafaa, kwani zinapanga ulichokipata mwenyewe. Lakini nazo zikaguliwe. Zikikutana na "bin" au "binti" huweza kuligeuza jina vibaya. Na ile programu ya Turnitin inayotumiwa vyuoni, mzazi asishtuke akiona asilimia. Inachoonyesha ni maneno yanayofanana na maandishi mengine, na hata maneno yaliyonukuliwa kwa haki huhesabiwa. Anayeamua ni mwalimu.

Kwa mzazi asiyejua Kiingereza, asiseme kwamba hana la kusaidia. Mtoto anapokaa na kitabu, mpe daftari na umuulize mambo matano, kwa Kiswahili: Nani kasema? Mwaka gani? Kitabu kinaitwaje? Nani kakichapa? Ukurasa wa ngapi? Ikiwa ni khabari ya kwenye tovuti, aandike pia anwani yake na tarehe aliyoifungua. Anaponakili maneno kama yalivyo, aweke alama za kunukuu hapo hapo, siku ile ile, si usiku wa kuamkia siku ya kukusanya kazi. Maktaba ya Fairfield ipo, na ile ya Whitlam pale Cabramatta, na wakutubi wake wamezoea maswali ya watoto wa kila taifa. Kadi ya Maktaba ya Jimbo, hapo mjini Sydney, ni bure kwa mkazi wa New South Wales, nayo hufungua majarida mengi ukiwa nyumbani kwako.

Ama kijana wetu, tulikaa naye Jumamosi mbili. Alirudi katika kila kitabu, akatafuta kila sentensi. Sentensi nne hakupata zimetoka wapi, akazifuta, ingawa moja kati yake ndiyo aliyoipenda kuliko zote. Aliandika barua ya kujieleza kwa mkono wake, akakiri alichokosea na akakataa kwamba alikusudia kudanganya. Tunapoandika haya skuli haijatoa jibu. Insha imekuwa fupi kwa kurasa mbili. Katika orodha yake mpya tumemkuta Abdulaziz penye A, Hichens penye H, na ndani ya insha tumekuta jina zima la bibi yake, pamoja na tarehe waliyozungumza kwa simu. Mama yake aliisoma orodha ile kwa kidole, jina baada ya jina, mpaka chini. Akasema: "Kumbe walikuwa wengi hivi waliomsaidia."

Mwezi ujao, tukijaaliwa, tutarejea kwenye kusoma Kiswahili majumbani. Mwenye swali atupe kikaratasi baada ya darasa la Jumamosi, au amtume mtoto.